Kupima Baridi Iliyomwingia Mtu

Ninyi mnaoingia leo kwenye kazi ya vyumba vya baridi mmekuta makoti mazuri, mmekuta milango inayofunguka kutoka ndani, na mmekuta vile vipimajoto vya kummulika mtu usoni kama tochi. Sina kinyongo. Ila kabla hamjajiita mafundi, nisikilizeni mimi niliyeianza kazi hii hapa Juba wakati hakuna aliyeamini kwamba baridi inaweza kumuumiza mtu, katika mji ambao mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo ya umeme.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, kambini, upande wa Uganda, na hilo la tatu sikulimaliza. Wanaoniita Abu Talaja, yaani baba wa friji, hawanitanii. Wananipa haki yangu. Ghala langu lilikuwa karibu na mto, nyuma ya soko la Konyo Konyo: vyumba viwili vya baridi, kikubwa na kidogo, kila kimoja na jenereta yake, na uwanja wa mbele uliokuwa hauna hata mti. Mwaka wa uhuru kila hoteli ya mahema ilitaka kuku wa kugandishwa, kila harusi ilitaka samaki, na wote walikuja kwangu. Nimestaafu mapema, nikiwa bado na meno yangu yote, na sababu ya kustaafu nitaifikia. Inahusu siku ambayo kipimo changu mwenyewe kilinigeukia.

Kwanza muelewe kazi yenyewe. Nje jua la digrii arubaini, ndani kumi na nane chini ya sifuri. Mchukuzi anavuka ule mlango na katoni begani, anarudi, anavuka tena, mpaka lori lijae. Mchukuzi wangu wa kwanza, Wani, kijana wa Kibari aliyekulia Nairobi kwa wakimbizi, aliingia siku ya kwanza na kandambili miguuni. Nilimwacha. Na mimi nilivaa kandambili.

Wiki ile ile Wani alitoka ndani akicheka, akasimama uwanjani, akaangusha katoni ya kuku juu ya mguu wake mwenyewe. Hakushtuka. Aliinama akaiokota, akaipeleka kwenye lori, akarudi kukaa. Jua lilipokwisha kumpasha vizuri ndipo akaanza kupiga kelele na kuchechemea, kama vile katoni imemwangukia sasa hivi. Watu walicheka sana. Mimi nilicheka pia, halafu nikaacha. Nilijiuliza: huyu alikuwa amepoa tangu lini? Yeye hakujua, na mimi niliyekuwa nikimtazama sikujua. Basi macho hayatoshi, na maneno ya mchukuzi hayatoshi. Lazima mtu apimwe. Sikuambiwa na mzungu wala na kitabu. Nilifikiri mwenyewe, nimekaa juu ya ndoo.

Nikaenda sokoni nikanunua kipimajoto cha kioo, kile chenye zebaki ndani, nikakiweka juu ya meza ya Mama Poni. Mama Poni ndiye aliyekuwa akiuza chai mlangoni petu, na jiko lake la makaa, glasi zake sita na tangawizi yake. Kila mchukuzi akitoka, namwekea kipimajoto chini ya ulimi. Nikasoma. Arubaini. Wa pili, arubaini. Wa tatu, arubaini na kidogo. Nikaona kumbe baridi inaleta homa kali. Nikawanunulia wote dawa ya malaria, na siku ya tatu nikawapeleka wote wanane, kwa mguu, mpaka zahanati ndogo ya sista Akello kule mtaa wa Juba Na Bari.

Sista Akello ni muuguzi kutoka Lira, Uganda, mwembamba, asiyependa maneno. Aliwachoma vidole wote wanane na hakukuta malaria hata kwa mmoja. Hakuniuliza mimi kitu. Alifunga zahanati, akaja ghalani, akasimama uwanjani jua likimpiga utosini, akaitazama ile meza.

“Hii kitu inakaa hapa siku yote?” akauliza.

Nikasema ndiyo, hapa hapa, ili isipotee.

Akakichukua, akanionyesha. Kilikuwa hakijawekwa mdomoni mwa mtu tangu asubuhi, na bado kimesimama juu kabisa. “Hii inapima Juba,” akasema. “Na haishuki yenyewe. Lazima unaitikisa. Wewe ulikuwa unapima jua, unawapa watu dawa ya jua.”

Wachukuzi walilisema hilo kwa mwaka mzima. Hata watu wa mtaa wa Buluk wasiojua ghala langu liko wapi walilisikia. Sikujali, kwa sababu ni nani mwingine Juba alikuwa anapima? Anayekosea mwanzoni ndiye aliyekuwepo mwanzoni.

Kuanzia hapo kipimajoto kilikaa ndani ya kopo, kopo limefungwa shingoni mwa zir, ule mtungi wa maji unaowekwa kivulini, mahali penye ubaridi kuliko pote uwanjani. Kabla ya kukitumia unakitikisa mara saba mpaka zebaki ishuke. Hata hivyo majibu yalikuja mazuri mno, watu wanatetemeka huku kipimo kinasema wako sawa, mpaka nikagundua kosa la pili. Wachukuzi walikuwa wakitoka wanakimbilia chai ya Mama Poni, glasi inayochoma midomo, halafu ndiyo wananiletea ulimi. Nilikuwa napima chai. Basi sheria ikawa: kipimo kwanza, chai baadaye, na kipimajoto kwapani, si mdomoni. Mama Poni alilalamika kwamba ninamfukuzia wateja. Nikamwambia wateja wakifa ndiyo watamkimbia zaidi.

Sista Akello alinifundisha mengine, na mimi nikayaboresha. Mapigo ya mshipa, kwenye kifundo cha mkono, unayahesabu mtu akiwa amekaa kabla hajaingia, kwa sababu kila mtu ana hesabu yake. Mapigo ya Wani yalikuwa ya polepole kama ya mtu aliyelala. Ukimlinganisha na mwenzake utadhani ni mgonjwa. Akitoka, unahesabu tena. Yakipanda sana, mwili unapigana. Yakishuka chini ya yale ya kwanza na mtu bado ni wa baridi, acha kila kitu, shughulika na huyo. Kisha kucha: unaibana mpaka iwe nyeupe, unaachia, unahesabu mpaka rangi irudi. Kisha kidole gumba kiguse kidole kidogo cha mwisho cha mkono huo huo. Mtu aliyepoa gumba lake linaishia njiani, naye atakutazama usoni akuambie limefika.

Na kutetemeka. Ninyi mnaona aibu kutetemeka, mnabana meno. Acheni. Mtu anayetetemeka ni jenereta inayofanya kazi. Mwogopeni aliyekuwa akitetemeka akaacha, na hajapashwa na chochote.

Jingine ni la hapa kwetu tu, na halimo katika kitabu chochote, maana waliokiandika hawajawahi kufanya kazi Konyo Konyo. Mtu akitoka ndani anakimbilia juani na koti lake zito. Anaota jua, anaona raha, anatoka jasho mpaka shati linaloa. Halafu anarudi ndani na lile shati. Hapo baridi inamkuta amevaa maji. Nilinunua mashati ya mitumba fungu zima, nikayatundika kwenye waya kivulini: ukitoka, vua koti, ukitaka kurudi, vaa shati kavu. Na kunyweni maji. Baridi inamkojoza mtu. Wani alikuwa akitoka mbio mpaka nyuma ya ukuta mara nne kabla ya saa sita, na sisi tunamhesabia.

Sasa kipimo kikubwa. Nimesema kwa watu wengi kwamba nilikigundua mimi. Tuseme niligundua kwa masikio ya Mama Poni.

Mnajua watu wa Juba hawasalimii kwa mkato. Ukiulizwa hali yako umeanza tu. Bado watu wa nyumbani, bado watoto, bado usingizi, bado kazi, bado yule mgonjwa wenu, na wewe ujibu kila kimoja na kurudisha. Mama Poni alimsalimia kila aliyetoka mle ndani kama aliyerudi safari, hata kama alikuwa ameingia muda mfupi uliopita. Siku moja mchukuzi mmoja mkubwa, mwenye nguvu kuliko wote, alitoka, akasalimiwa, akajibu maneno mawili, akaenda kukaa.

Mama Poni akaniambia, “Huyu ameniachia salamu nusu. Mrudishe nyumbani.”

Nikacheka. Nikasema labda amekasirika na mkewe. Akasema mtu aliyekasirika na mkewe ndiye anayesalimia zaidi. Basi nikambana kucha yule bwana: nikahesabu mpaka nikachoka, bado nyeupe. Gumba likaishia kidole cha kati. Kipimajoto kilikuwa kwenye mistari ya chini kabisa. Na usoni alikuwa anaonekana mzima kuliko mimi.

Tangu siku hiyo salamu ikawa kipimo cha kwanza mlangoni. Midomo ikiganda, maneno yanapungua; akili ikipoa, mtu anasahau kwamba ana watoto. Tulikuwa na daftari, kila mtu na ukurasa wake. Wani aliandika namba. Mama Poni hakujua kusoma, kwa hiyo juu ya kila ukurasa alichora alama ya mwenye ukurasa, na ya Wani ilikuwa mguu, mnajua kwa nini. Salamu iliyokamilika alichora mstari mrefu; iliyokatika, mstari mfupi. Mwenye mstari mfupi hakuingia tena mpaka kesho.

Wachukuzi walianza kubishana. Kila aliyezuiwa alisema kipimajoto kimeharibika, au Wani hajui kuhesabu, au Mama Poni ana chuki na kabila lake. Nikagundua kwamba waliobishana sana ndio waliokuwa wamepoa sana. Nikatunga sheria, na Wani akaiandika kwa chokaa juu ya mlango wa chumba kikubwa: ANAYELAUMU KIPIMO HARUDI NDANI. Maneno ni yangu, herufi ni zake. Miaka miwili hakuanguka mtu.

Ukurasa wangu haukuwepo. Mimi ni mwenye ghala, nani angenipima?

Desemba ile vita vilipoanza, siku kadhaa hatukutoka majumbani. Mji ulipotulia kidogo nikaenda ghalani kwa mguu, asubuhi, barabara tupu, maduka yamefungwa, viatu vya watu vimetawanyika njiani. Nilimkuta Wani amekaa mbele ya mlango, na Mama Poni anawasha jiko ingawa hakuna mteja. Wachukuzi wengine saba hawakuwepo. Baadhi walikuwa wamekimbilia kambi ya walinda amani, baadhi wamevuka mto. Wawili sijawaona mpaka leo, na kurasa zao sijazichana.

Jenereta zote mbili zilikuwa zinakaribia kuzimika. Dizeli iliyobaki ingetosha kuendesha moja tu kwa siku chache. Maana yake ilikuwa moja: kuhamisha mali yote kutoka chumba kikubwa mpaka kidogo, siku hiyo hiyo, watu wawili badala ya wanane. Mle ndani kulikuwa na kila kitu nilichokipata tangu nitoke kambini. Sikuwa na nyumba ya maana wala shamba. Nilikuwa na kuku na samaki.

Tukaanza. Wani alifuata taratibu: anaingia, anatoka, anavua koti, anapimwa, anakunywa maji. Mimi nilimwona anachelewesha. Kila alipopumzika mimi niliingia mara mbili. Nikichoka nilisimama juani na koti langu, nikaloa jasho, nikarudi ndani hivyo hivyo. Mashati makavu yalikuwa hatua kumi kutoka kwangu, na sikuyaona. Glavu zililoa, nikazitupa. Mwanzoni nilitetemeka mpaka katoni zikagongana. Baadaye nikaacha kutetemeka, nikapata joto zuri kifuani, nikajisemea kwamba mwili wa Abu Talaja si kama miili ya watu.

Nikatoka na katoni. Mama Poni akaniuliza hali yangu kama kawaida. “Ita kef?”

“Kweis,” nikasema. Mzima.

“Nas bet kef?”

Nilimsikia. Nilijua ananiuliza habari za watu wa nyumbani. Nililitafuta jibu kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye suruali aliyoiacha nyumbani. Nikasema, “Kuku.”

Mama Poni anacheka kwa mambo madogo kuliko hayo. Siku hiyo hakucheka. Alinyanyuka, akachukua kigoda chake, akakiweka katikati ya mlango wa chumba kikubwa, akakaa na mgongo wake kwenye chuma, akavuta jiko la makaa mbele ya magoti.

“Khalas,” akasema, yaani basi, imekwisha. “Leo hakuna kuingia.”

Nikamwambia aondoke. Nikamwambia mlango ni wangu, na chumba ni changu, na kuku ni wangu. Nadhani nilisema hivyo; Wani anadai sikumaliza hata sentensi moja.

“Mlango ni wako,” akasema Mama Poni. “Salamu ni yangu, na bado haijaisha.”

Akanishika mkono, akautazama, akanipeleka gumba kuelekea kidole cha mwisho. Liliishia kidole cha tatu. Nikamwambia limefika. Wani akatoa kipimajoto kwenye kopo, akakitikisa mara saba kama nilivyomfundisha, akaniwekea kwapani, akasubiri. Alipokisoma akanionyesha. Zebaki haikuwa imefika hata kwenye mstari wa kwanza.

“Kimeharibika,” nikasema.

Wani, ambaye nilimlipa mimi, nilimlisha mimi, aliinua kidole chake polepole akaonyesha juu ya mlango, kichwani kwa Mama Poni, kwenye ile chokaa.

“Mzee,” akasema, “hapo ulisema mwenyewe.”

Sijapata kushindwa na mtu Juba kwa maneno. Siku hiyo nilishindwa na maneno yangu. Nilikaa chini. Miguu ndiyo iliyokaa, si mimi.

Walinivua vile vitu vilivyoloa. Hawakunipeleka juani ghafla, hawakunisugua mikono, hawakuniacha nitembee, yote kama sista Akello alivyotufundisha; walinilaza kivulini, wakanifunika mashati yote makavu, na yalipokwisha Mama Poni akafungua lawa yake, ile shuka ya maua wanayofunga begani, akanizungushia kifuani. Baada ya muda mrefu nikaanza kutetemeka tena, meno yanagongana kama mashine ya kusaga. Wani akapiga makofi mara moja. “Sasa tuko sawa,” akasema. “Jenereta imewaka.” Hapo tu ndipo nilipopewa chai, ya sukari nyingi, na nikashikiwa glasi.

Sista Akello, aliyeletewa habari, alifika kwa mguu, akapiga magoti, akanishika mshipa, akahesabu. Alipomaliza alinitazama nilivyozungushiwa ile lawa ya maua.

“Ungeingia mara moja tena,” akasema, “tungekutoa pamoja na katoni.”

Wani aliendelea peke yake, kwa taratibu, na mapumziko yake yote, mpaka jenereta ya chumba kikubwa ikazima. Theluthi ya mali ilibaki humo. Kabla haijaharibika Mama Poni aliwaita akina mama wa Juba Na Bari, na siku hizo sokoni hakukuwa na cha kununua. Walikuja na sufuria, na mabeseni, na mmoja na kitoroli cha kubebea matofali. Jioni ile mtaa mzima ulinuka kuku wangu. Wengine walikuja kunishukuru nikiwa bado nimefungwa shuka ya maua, wakanisalimia mpaka mwisho, na mimi niliwajibu nilivyoweza.

Sasa ile sababu ya kustaafu. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia, cha shahada na cha kati, ncha zake hazikurudi. Havijui moto, havijui baridi. Na hivyo ndivyo vidole vya kuhesabia mshipa. Nilijaribu vya kushoto miaka kadhaa, nikawa napata hesabu tofauti na ya Wani, na kila mara yake ndiyo ilikuwa sahihi. Mtu asiyeweza kupima asiwatume wenzake ndani. Nikamwachia ghala. Analiendesha vizuri, ingawa si kama mimi.

Daftari bado liko pale. Mkienda kujifunza kwake, mwombeni awaonyeshe. Baada ya kurasa za wachukuzi wanane kuna wa tisa, wenye mstari mmoja tu, mfupi. Juu yake Mama Poni alichora jogoo. Mimi nasema ni kwa sababu ya kuku niliokuwa nikiuza. Wani anasema si hivyo.

Asubuhi nikienda sokoni lazima nipite mlangoni pale. Mama Poni ananiuliza hali yangu, nasema mzima. Ananiuliza watu wa nyumbani, nawataja. Watoto, usingizi, mguu wa shemeji yangu, mvua ya kule kwetu Kajo Keji. Najibu kimoja kimoja na kumrudishia. Yeye anasikiliza yote huku birika liko mkononi, na hamimini chai mpaka nimalize.